Inama Mbele, Rihab

"Kichwa nyuma, bibie. Nyuma zaidi. Tulia hivyo hivyo."

Tijani aliisikia sauti ya mama mkwe wake kabla hajausukuma mlango wa ua. Alipoingia alimkuta Rihab, binti yake, amelazwa chali mapajani mwa bibi yake, kidevu kimeelekea juu, vitambaa viwili vilivyolowa damu vimetupwa kando ya ndoo. Mtoto hakulia. Koo lake dogo lilikuwa likimeza, likitulia, likimeza tena, kama la mtu anayenyweshwa dawa asiyoitaka.

Tijani alipiga magoti karibu yao, miguu yake ingali na tope la mfereji. Hakujua aipeleke wapi mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekwea mitende tangu hajaota ndevu, viganja vimekuwa magome, miiba imeingia humo na kukaa. Alipoisogeza karibu na uso wa mtoto aliiona mikubwa mno, akairudisha. Shadhlia, mama mkwe wake, alikuwa ameshafanya yote aliyoyajua: ufunguo wa baridi mgongoni, kitunguu kilichopasuliwa chini ya pua, maji kichwani. Damu ikapungua. Wakaanza kupumua. Kisha Rihab akainuka ghafla na kutapika.

Kilichotoka kilikuwa cheusi, na kilikuwa kingi. Kilienea juu ya mkeka na kuingia katikati ya nyuzi zake. Wakubwa wawili wakakitazama, kisha wakatazamana.

Hawakuwa na haja ya kusema. Munira, mke wa Tijani na binti wa pekee wa Shadhlia, alianza hivyo hivyo: damu ya pua asubuhi, naye anacheka, anasema ni joto tu. Baadaye zikaja alama za buluu mikononi. Baadaye hospitali kubwa ya Tunis, na jina la ugonjwa wa damu ambalo Tijani alilisikia mara moja na hakulitamka tena. Sasa ulikuwa unaingia msimu wa pili tangu wamzike. Kwa muda wote huo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile. Shadhlia, ikimlazimu, alisema "marehemu". Tijani hakusema hata hilo. Rihab alikuwa mdogo sana mama yake alipoondoka, na kwa kuwa hakuna aliyemtaja mbele yake, naye hakumuulizia.

Shadhlia alikuwa amekuja kutoka Gabes, pwani, kuwatembelea kwa siku chache. Alileta samaki wa chumvi, pilipili iliyosagwa na gauni la manjano alilomshonea mjukuu wake. Jioni ile, wakiusugua mkeka kwa maji baridi, alitoa na jambo jingine alilokuja nalo.

"Mtoto huyu nitaondoka naye," alisema, bila kuinua macho. "Hewa ya huku Nefta inakausha mate mdomoni. Kwangu kuna bahari, mtu anavuta pumzi yenye maji. Na kama ni ile ile…"

"Si ile ile, Mama."

"Umejuaje wewe?"

 Tijani aliendelea kusugua pale pale palipokwisha takata.

Asubuhi walimpeleka Rihab kliniki. Daktari alikuwa binti wa kaskazini, mgeni bado, midomo imempasuka kwa ukavu kama wao wote. Aliuliza mengi, taratibu. Damu hutoka tundu lipi? Huchukua muda gani? Fizi je? Ana alama mwilini ambazo hazina maelezo? Tijani alijibu alivyoweza. Kisha daktari akauliza kama kuna yeyote katika familia aliyewahi kuugua damu, na pale Shadhlia akageukia ukutani, ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Ilibidi Tijani aseme. Alisema kwa maneno machache, sauti ya chini, akiwa ameyaziba masikio ya mtoto kwa viganja vyake.

Daktari hakubadilika uso. Alimpima Rihab tumbo na shingo, akamtazama mikono na miguu, akachukua damu kidogo mkononi kwa kumwambia kwanza kwamba itauma kama mdudu. Kisha akawasha taa yake ndogo, akachungulia puani. Alisema anaona makovu na magamba makavu hapa mbele, karibu kabisa na mlango wa pua, ambapo mishipa ni myembamba kama uzi, na kwamba kwa watoto wengi damu hutoka hapo tu: upepo mkavu unapasua, kidole kinamalizia. Rihab aliposikia kidole alikificha chake nyuma ya mgongo.

"Huchimba kisima humo," alisema Shadhlia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Daktari alicheka. Alisema hata hivyo damu itapelekwa maabara, kwa sababu ya hilo walilomweleza, na majibu yatakapofika atawaita. Wakati huo huo wajue la kufanya. Hakulieleza kwa mdomo. Alimketisha Tijani kwenye kiti, akamwambia ainame mbele kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha, akaibana pua yake kwa vidole viwili, chini ya mfupa, pale kwenye nyama laini.

"Hapa," alisema. "Mfupa haubanwi. Akiinama mbele, damu haiendi tumboni. Ile aliyoitapika jana ni ile ile aliyoimeza, si nyingine. Apumue kwa mdomo, inayomfikia mdomoni aiteme. Na usiachie kuchungulia. Dakika kumi nzima. Ukichungulia, unaanza upya."

Aliongeza kwamba ikiwa haikatiki hata baada ya kubana mara ya pili, au mtoto akigeuka mweupe na kulegea, wasingoje, waje mbio. Aliwapa mafuta mazito ya kupaka mlangoni mwa pua asubuhi na jioni, kwa ncha ya kidole, akawaambia wamkate kucha na watundike nguo yenye maji chumbani wakati wa kulala. Tijani alijibu ndiyo kwa kila jambo, kwa sauti ya puani, kwa kuwa daktari alikuwa bado hajaiachia pua yake. Rihab alicheka mpaka akakaa chini.

Zikafuata siku za kungoja. Kazi haikungoja. Makarara ya mitende ya kike, yale maganda yanayofunika maua, yalikuwa yameanza kupasuka, na karara likipasuka, linataka chavua ya dume upesi, la sivyo mwaka huo mti hautazaa kitu cha kuliwa. Shamba halikuwa la Tijani; alilitunza kwa kupewa fungu lake la tende, na fungu hilo lilitokana na siku hizi chache za mchipuko. Kila alfajiri alijaza mfuko wake vishada vya maua ya dume, akakwea. Huko juu, kati ya miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, aliyapanua maua ya kike, akachomeka vishada vichache vya dume katikati, akazungushia chane ya ukuti na kufunga. Fundo lilikuwa na kipimo chake. Likilegea, upepo unakuja kuchukua kila kitu. Likikaza, kole la tende likianza kunenepa linajinyonga. Hakuna aliyewahi kumweleza kipimo hicho kwa maneno. Baba yake alimshika mkono tu, akamwonyesha.

Damu ilipotoka tena, ilikuwa saa ya chai. Tijani alimketisha Rihab kwenye kigoda, akamwinamisha, akabana. Kwa woga alibana kama mtu anayeua nge, mtoto akapiga yowe. Akalegeza, damu ikapita kati ya vidole. Akachungulia. Akaanza upya. Shadhlia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitunguu mkononi, tayari. Ndipo Tijani akafumba macho, akaviacha vidole vyake vitafute kile kipimo cha fundo, na vikakipata.

Tabu ikawa kumtuliza. Mtoto wa miaka minne hakai dakika kumi kwa kuambiwa akae. Alijipinda huku na huku, akataka kujua kama zimekwisha, akataka maji. Tijani hakuwa mtu wa hadithi. Alichokuwa nacho ni miti yake, basi akaanza kumtajia.

"Ukiingia tu mlangoni, wa kwanza ni Bibi Harusi. Unamjua, yule anayeburuta sketi ya makuti mpaka chini. Hataki kukatwa. Nyuma yake Mzee Kiziwi. Huyo namwita kila mwaka, azae, azae, hasikii. Halafu Pacha. Halafu Mchoyo."

"Da huyu aliyepida?" aliuliza Rihab. Kwa kubanwa pua maneno yake yalitoka yamevimba. M zikawa b, n zikawa d.

"Aliyepinda ni Mkaidi. Nilimwambia akue huku, akakua kule."

Walipofika kwenye mitende ya ukingo wa jangwa, ambayo Tijani hakuwa ameipa majina, ilibidi wayatafute papo hapo, na Rihab ndiye aliyeyachagua. Tijani alipoachia vidole, pua ilikuwa kavu. Shadhlia alirudi jikoni na kitunguu chake, akakikatia mchuzi.

Majibu yalifika. Walikwenda wote watatu, na safari hii daktari aliwaona wanavuka uwanja akatoka nje mwenyewe kuwakuta, ili wasibebe wasiwasi wao mpaka ndani. Damu ya mtoto ilikuwa nzima. Kila kitu kiko mahali pake. Shadhlia alimwomba arudie, akarudia. Akamwomba tena, akarudia tena bila kuchoka. Kisha mama yule akakaa kwenye ngazi ya kliniki, akajifunika uso kwa shela yake, na Rihab akamwuliza baba yake kama bibi naye anatoka damu.

Tijani alidhani mambo yamekwisha. Alinunua mikate ya moto yenye kitunguu na pilipili ndani, wakaila njiani. Lakini walipofika nyumbani Shadhlia akaanza kukunja nguo za mtoto na kuziweka ndani ya begi lake.

"Mama, umesikia mwenyewe. Ni mzima."

"Nimesikia. Nimshukuru nani kama si Mungu." Aliendelea kukunja. "Lakini damu itatoka tena kesho, na keshokutwa upepo wa kusini ukianza, itatoka zaidi. Wewe umo shambani, juu ya mti, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Atakayembana pua ni nani? Mtende?"

 Chekechea walikuwa wamempigia Tijani simu mara mbili mwezi ule aje amchukue, kwa kuwa watoto wengine walitishika na mwalimu hakujua la kufanya. Na mara zote mbili alikuwa juu, simu iko chini ndani ya koti, na Rihab alikaa kwenye kona na taulo usoni mpaka mchana. Hilo alilijua yeye na mwalimu tu. Alihisi kama Shadhlia amelisoma kwenye paji la uso wake.

"Ngoja basi msimu uishe," alisema mwishowe.

"Alhamisi," alijibu Shadhlia. "Gari la Gabes la Alhamisi."

Jioni ile Tijani ndiye aliyempaka Rihab mafuta puani, akamkata kucha, kidole baada ya kidole. Mtoto aliuliza kama Gabes kuna mitende. Akamwambia ipo, lakini haina adabu, inazaa tende za kulishia mbuzi. Alilisema kwa mzaha, bila kucheka.

Siku moja kabla ya Alhamisi walikwenda shambani pamoja. Shadhlia alitaka kuchuma nanaa ya kuondoka nayo, na hakutaka kumwacha mtoto nyumbani. Hewa ilikuwa imesimama. Maji yalipita kimya kwenye mifereji chini ya mikomamanga, na juu, kila karara lililopasuka lilinukia unga mbichi. Tijani alikuwa amebakiza miti michache tu. Akakwea Mkaidi, mrefu kuliko yote, akipachika nyayo kwenye visiki vya makuti aliyoyakata miaka iliyopita.

Upepo ulikuja kabla ya wakati wake. Aliuona kwanza kwenye mitende ya mbali, ikainamisha vichwa mmoja mmoja. Kisha ukamfikia, mkavu, wa moto, na mchanga ndani yake. Kilele kikaanza kuyumba. Akajibana kwa mapaja, akaukumbatia mti kwa mkono mmoja, akaendelea kufunga kwa mwingine na meno. Makarara mawili yalikuwa yamebaki. Akiyaacha wazi kwa upepo ule, yangekuwa yamekauka ifikapo magharibi.

Alitupa jicho chini. Alimwona mama mkwe wake ameinama kwenye nanaa, na doa la manjano la gauni la Rihab pembeni. Kisha akaona Shadhlia ameiachia nanaa ikaanguka, na hakuhitaji kuambiwa.

Shadhlia alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji na kumvuta mtoto mapajani. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye paji la uso wa Rihab, unasukuma nyuma, kama mikono ya mama yake na ya mama wa mama yake ilivyofanya.

"Mama," aliita Tijani. "Mbele. Ainame mbele."

Upepo ulichukua nusu ya maneno. Shadhlia aliinua uso, akitafuta sauti inatoka wapi. Tijani alijinasua mkono, akaishika pua yake mwenyewe kwa vidole viwili, akainamisha kichwa kule juu, mti ukimpeleka huku na kumrudisha. Alikaa hivyo, mtu mzima aliyejibana pua juu ya mtende, mpaka alipoona mkono wa mama mkwe wake umetoka kwenye paji la uso. Ukamsimamisha mtoto. Ukamwinamisha. Vidole vikatafuta, vikapanda juu mno kwenye mfupa, vikasita, vikateremka.

Tijani alianza kushuka. Kwa haraka yake unyayo ulikikosa kisiki, vipande vya gome vikaanguka mpaka kwenye mfereji, akabaki ananing'inia kwa mikono kwa muda uliotosha mama mkwe wake kumwona.

"Usishuke," alisikia. Shadhlia hakuwa amepiga kelele. Alikuwa amepandisha sauti tu, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya barabara. "Bakia huko huko, umalize kazi yako. Nimemshika."

Alipachika mguu tena. Kila kitu ndani yake kilitaka kuwa chini. Aliutazama ule mkono wenye mishipa uliokuwa umebana pua ya binti yake, ukiwa umetulia kuliko wake, na akabaki.

Rihab alikuwa ameanza kujipinda. Shadhlia hakuijua mitende. Alianza na mmoja, akaukosea jina, Rihab akamsahihisha kwa hasira. Basi akaiacha.

"Ngoja nikutajie nyumba za mtaani kwangu," alisema. "Ukitoka sokoni, ya kwanza ni ya Haluma, mlango wa buluu. Kila mtu akipita, Haluma anamwita aonje chakula chake, basi kila mtu anapitia nyuma. Inayofuata ni ya kinyozi. Ana jogoo anayewika adhuhuri, kwa sababu naye amezoea kuamka saa hiyo kama bwana wake. Halafu nyumba ya mwalimu Nuri. Ile ina dirisha moja jipya na mengine ya zamani."

"Kwa dini?"

"Kwa sababu lilivunjwa. Kwa mpira."

"Dadi alivudja?"

Tijani, kule juu, alisikia bibi amenyamaza. Upepo ulipita kwenye makuti, ukarudi. Kisha sauti ya Rihab ikaja, ndogo, imevimba.

"Baba?"

"Nipo, binti yangu," aliitikia kutoka juu. "Nipo hapa."

"Hakuiti wewe," alisema Shadhlia. Na ingawa alikuwa akimjibu Tijani, uso wake ulikuwa kwa mtoto. "Hajasema baba. Anauliza kama ni mama yake." Alivuta pumzi. "Ndiye. Mama yako. Munira. Alikuwa na mguu wa kushoto kama wa mchezaji. Wavulana wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kumwita acheze upande wao, mimi natoka na ufagio nawafukuza, na yeye ameshapita juu ya paa."

"Juu ya paa?"

"Juu ya paa. Munira. Siku ile ya dirisha alirudi akajificha ndani ya pipa la shayiri, mwalimu amesimama mlangoni, mimi naapa hayupo, na pipa linapiga chafya."

Rihab alicheka, kicheko kikakwama puani, bibi akamwambia asicheke, apumue kwa mdomo, naye mwenyewe alikuwa anacheka. Aliendelea. Nyumba baada ya nyumba, na katika kila nyumba sasa Munira alipita: hapa ameiba tini, hapa amefundishwa kushona akakishona kitambaa pamoja na gauni alilovaa, hapa ndipo aliposimama na kusema anataka kuolewa na mtu wa bara anayepanda miti, na mama yake akamwuliza kama amekosa binadamu wanaotembea chini.

Tijani alikuwa ameweka paji la uso kwenye mti. Chavua ilikuwa imemwenea usoni, na alipojipangusa ilikuwa tope.  Kisha akatafuta karara la kwanza kati ya yale mawili, akayapanua maua kwa kidole gumba, akachomeka vishada vya dume, akazungusha chane na kufunga. Akalijaribu fundo. Akafunga na la mwisho.

Alipofika chini damu ilikuwa imekatika zamani. Matone machache yalikuwa yamekauka kwenye udongo kati ya miguu ya Rihab, na upepo ulikuwa umeshaanza kuyafunika. Shadhlia alikuwa bado amebana.

"Mwachie, Mama. Imekwisha."

"Bado sijamaliza mtaa," alisema Shadhlia.

Walirudi nyumbani wamefunika nyuso, Rihab katikati yao, akiuliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza. Mama alikuwa anapenda nini? Alikuwa mrefu? Alikuwa anachimba kisima puani? Wakajibiana, mmoja akianza, mwingine akimalizia, wakabishana hata juu ya rangi ya viatu fulani. Mlangoni Shadhlia alisimama kumtoa Rihab mchanga masikioni. Akasema, kana kwamba ni jambo walilokuwa wakilizungumza tangu asubuhi, kwamba mtu haondoki na upepo kama huu, na kwamba gari la Gabes lipo kila Alhamisi.

Alikaa mpaka makarara yote yalipofungwa. Tijani alikwenda chekechea akamketisha mwalimu kwenye kiti kidogo cha watoto, akamwomba radhi, akamwonyesha pa kubana. Mwalimu akataka kujaribu na yeye, wakabaki wameshikana pua huku darasa zima likipiga makofi. Wiki iliyofuata simu ilipolia, Tijani alikuwa ameifunga kiunoni. Mwalimu alisema hapana haja ya kuja, amepiga kumwarifu tu: damu imetoka, imekatika, na Rihab mwenyewe ndiye aliyejibana, ameinama, akimwamuru mwenzake alete ndoo.

Damu haikuisha. Ilipungua, ikapita siku nyingi bila kuonekana, ikarudi siku ya upepo. Ila hakuna tena aliyekimbia. Walikubaliana kwamba joto kali likianza na chekechea ikifungwa, Rihab atakwenda Gabes, na Tijani atamfuata kwa siku chache kabla ya mavuno. Shadhlia alisema atamwonyesha mjukuu wake lile dirisha.

Siku aliyoondoka Shadhlia, kituo kilikuwa kimejaa watu na mabegi. Alimbusu mtoto, akamwambia Tijani asisahau mafuta ya asubuhi, akapanda na kukaa dirishani. Dereva alikuwa anangojea abiria mmoja. Vumbi lilipita. Rihab, begani kwa baba yake, alikunja uso, akavuta pumzi na kupiga chafya, kisha akapitisha mgongo wa mkono chini ya pua.

Tijani aliusimamisha ule mkono hewani. Shadhlia alikuwa ameshatoa nusu ya mwili wake dirishani. Wakautazama wote watatu, kwenye jua.

Yalikuwa makamasi. Makamasi ya kawaida, mengi, yanang'aa.

Shadhlia alinyoosha pembe ya shela yake, akampangusa mjukuu wake kwa nguvu kama mtu anayesafisha sahani, na gari likaanza kuondoka kabla hajarudi kukaa, mkono wake bado uko nje, pembe ya shela yenye maji ikipepea.